Mizani ya Waliotoka Kanisani

Habari za mtu aliyetoka katika dini ya Kikristo husimuliwa kwetu kwa njia mbili, na njia zote mbili haziufai uhakiki. Wako wanaozisimulia kama msiba: fulani alilelewa vema, wamisionari wakamsomesha, akaenda chuo kikuu, kichwa kikamvimba, akapotea. Wako pia wanaozisimulia kama vita: fulani alikuwa mateka, akakata kamba, akawa huru. Msomaji wa riwaya na mashairi hapati faida kubwa kwa wasimulizi hao, maana wote huishia mlangoni. Hawamtazami mtu mikononi wakajua alitoka na nini.

Swali hilo ndilo asili ya insha hii. Mtu aweza kuacha kwenda kanisani Jumapili moja tu, ikawa basi. Sala aweza kuisahau, na jina la ubatizo aweza kulivua. Mafundisho ya maadili hayavuliki hivyo, kwa sababu hayakai katika ulimi bali katika jicho; ndiyo mizani ambayo kwayo mtu humpima jirani yake, mkewe, binti yake na nafsi yake mwenyewe. Yamkini basi mtu akatoka kanisani na mizani ile imo nguoni mwake, naye asijue. Nataka kulipeleka swali hili kwa watungaji watatu wa Afrika Mashariki ambao sasa wote wamekwisha kufariki: Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya, Okot p'Bitek wa Uganda, na Euphrase Kezilahabi wa Tanzania. Wawili wa kwanza waliikana dini waziwazi. Wa tatu simhesabu miongoni mwa waliotoka, kwani imani ya mtungaji ni siri yake, na riwaya si kitubio ambamo mhakiki hukaa akisikiliza dhambi za watu. Namleta kwa sababu nyingine, ambayo itaonekana mahali pake.

Mwezi wa Machi 1970 Ngũgĩ alialikwa kuhutubia mkutano mkuu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki mjini Nairobi. Wakati ule vitabu vyake vilikuwa vikitoka kwa jina la James Ngugi. Alianza kwa kuwaambia wenyeji wake kwamba yeye si mtu wa kanisa, wala hata Mkristo si. Kisha akalishitaki Kanisa: kwamba lilikuja pamoja na mkoloni, likawafundisha watu unyenyekevu wakati ardhi yao ikichukuliwa, na katika miaka ya vita vya Mau Mau likasimama upande wa wenye nguvu. Hotuba hiyo ilichapwa baadaye katika kitabu chake cha insha kiitwacho Homecoming, cha mwaka 1972. Ngũgĩ mwenyewe amesimulia yaliyotokea alipokwisha kusema. Mzee mmoja alisimama kwa hasira, akitikisa fimbo yake, akamtaka msemaji atubu na kuomba. Tena akamwambia kwamba ijapokuwa anakana, yeye ni Mkristo, na ushahidi ni jina lake, James.

Kisa hiki hupendwa sana na wale wa njia ya pili, wasimulizi wa vita. Wao humfanya mzee kuwa kichekesho na Ngũgĩ kuwa mshindi, kwa kuwa baadaye alilitupa jina la James na kujiita kwa jina la baba yake. Mimi naona mzee yule astahili kusikilizwa zaidi. Katika jambo la jina alishindwa, kwani jina ni nguo. Walakini alikuwa akinyoshea kidole kitu cha kweli, ila kidole chenyewe ndicho kilichokwenda kombo. Lau angaliacha jina akaishika hotuba yenyewe, angalipata ushahidi mkubwa kuliko ule. Katika hotuba ileile Ngũgĩ alidai kwamba Kristo mwenyewe, kama angaliishi Kenya mwaka 1952, angaliuawa kama mtu wa Mau Mau. Tazama, msomaji, mtu aliyetangaza kwamba si Mkristo anamwita Kristo awe shahidi wake dhidi ya Kanisa! Hakumwita babu wa Wagikuyu, wala mwanafalsafa wa Ulaya. Akawahukumu wazee wa kanisa kwa sheria waliyoisoma wao wenyewe kila Jumapili: juu ya tajiri na maskini, juu ya mnafiki, juu ya mchungaji anayewala kondoo. Manabii wa Agano la Kale walisema maneno ya namna hiyo ndani ya ua wa hekalu, na hakuna aliyewahi kusema kwamba walikuwa wametoka.

Anayeona kwamba nalazimisha mambo na avitazame vitabu. Riwaya ya A Grain of Wheat, iliyotoka 1967, imechukua jina lake katika Injili ya Yohana, mahali pasemapo juu ya punje ya ngano. Kihika, shujaa wa msituni, hutembea na Biblia na kuitia alama kwa wino. Mugo, aliyemsaliti Kihika, hawezi kuishi na siri yake. Siku ya sherehe ya Uhuru husimama mbele ya watu akaungama. Hapana padre pale wala ondoleo la dhambi, bali mwenendo wote wa riwaya ni mwenendo wa toba: usaliti, sadaka, ungamo. Mwaka 2012, akiwa na miaka zaidi ya sabini, Ngũgĩ alichapisha kumbukumbu za siku zake katika shule ya Alliance, ambako katika ujana wake alikuwa Mkristo mwenye bidii. Akazipa jina la In the House of the Interpreter, ambalo ni jina la nyumba mojawapo katika kitabu cha John Bunyan, kile ambacho wasomaji wetu wa zamani walikijua kwa jina la Safari ya Msafiri. Na kumbukumbu za kifungo chake cha 1978 zilipotolewa upya mwaka 2018 zilipewa jina lenye kumtaja Shetani. Hata kufa kwake mwaka 2025, shina la usemi wake halikung'oka mahali lilipopandwa.

Sisemi haya kwa kumcheka. Nguvu ya Ngũgĩ imo humo. Mtu aliyelelewa kwa Biblia anapomsoma husikia sauti anayoijua ikimwuliza jambo ambalo mhubiri wake hakuthubutu kumwuliza. Lakini mizani hii ina gharama yake, nayo huonekana zaidi kadiri miaka inavyokwenda. Katika Shetani Msalabani, tafsiri ya Kiswahili iliyotoka 1982 ya riwaya aliyoiandika kwa Kigikuyu, wezi na wanyang'anyi hukutana kushindana nani ni mwizi bora. Mwanzoni Warĩĩnga huota Shetani akisulibiwa na watu waliovaa matambara, kisha wenye suti wanakuja kumshusha. Ni picha kali, na katika lugha zetu ni chache zinazoipita. Lakini watu wa riwaya hiyo wamekwisha kugawanywa kabla hawajafumbua kinywa, kondoo kuume na mbuzi kushoto. Tajiri hana hata saa moja ya usiku ambayo ndani yake anajiuliza jambo. Hukumu ya mwisho imekuja mapema mno, nayo riwaya hupungua pale hukumu inapotangulia ushahidi. Mugo wa 1967 alikuwa msaliti, nasi tukamlilia. Mabwana wa 1980 ni wezi, basi.

Kwa sababu hiyo narudi nyuma, kwenye The River Between ya 1965, ambayo watu wengi huiona kuwa kitabu cha kijana aliyekuwa bado anajifunza. Hapo ndipo Ngũgĩ alipouliza swali la maadili kwa namna ambayo hakuirudia. Inafaa kukumbuka mambo yaliyokuwa nyuma ya kisa. Mwaka 1929 Misheni ya Kanisa la Scotland, pamoja na misheni nyingine katika nchi ya Wagikuyu, ziliwataka waumini watoe ahadi ya kuikataa tohara ya wasichana. Wengi walikataa, makanisa yakapungukiwa na watu, na shule za kujitegemea zikaenea kwa haraka. Katika riwaya, Muthoni ni binti wa Joshua, mhubiri mkali asiyeacha nafasi ya shaka. Msichana huyu amebatizwa, na hataki kuukana ubatizo wake. Pia anataka kuwa mwanamke katika macho ya watu wake. Anatoroka kwa shangazi yake, anatahiriwa, kidonda hakiponi, anafikishwa hospitali ya misheni amechelewa, anakufa. Katika kufa kwake husema kwamba anamwona Yesu, na kwamba sasa yeye ni mwanamke kamili wa kabila.

Baba yake alikwisha kumhesabu kuwa maiti tangu siku aliyotoroka. Wa misheni waliona katika kifo hicho ushahidi wa ushenzi. Wa upande wa pili waliona adhabu ya kumfuata mzungu. Kila upande ulimchukua maiti ukamfanya hoja. Nami naona kwamba pande hizo mbili, zilizochukiana kiasi cha kugawanya vilima viwili, zilikuwa zikiuliza swali moja: je, msichana huyu amekatwa, au hakukatwa? Kwa mmoja jibu la ndiyo lilikuwa najisi, kwa mwingine jibu la siyo lilikuwa najisi. Mizani ilikuwa moja, ila vitanga vilibadilishwa.

Hapa mhakiki mwaminifu hana budi kusimama kidogo, kwa kuwa hapa wapenzi wa njia ya pili hupita mbio. Juu ya kidonda chenyewe, misheni ilikuwa na haki. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 yakataza ukeketaji, na haikutungwa na wamisionari bali na Bunge la nchi huru, na wanawake wa Kiafrika walikuwa mbele katika kuidai. Hatuwezi kusema kwamba kila jambo ambalo Kanisa lilikataza lilikuwa zuri kwa sababu Kanisa lililikataza. Huko ni kumfanya adui kuwa mwalimu wetu kwa njia ya kinyume. Makosa ya misheni hayakuwa katika kujali mwili wa msichana, bali yalikuwa katika kutomjali msichana. Ilitaka alama ya kidole kwenye ahadi, ikafunga milango ya shule na ushirika kwa wasioitia, ikamwacha kila Muthoni achague kati ya mama yake na Mungu wake. Ngũgĩ alipokiandika kitabu hicho hakuwa amekana dini, na hwenda ndiyo sababu hakumpa ushindi mtu yeyote. Aliyesimama mlangoni huona vyumba vyote viwili.

Okot p'Bitek alikwenda mbali zaidi. Alizaliwa Gulu mwaka 1931 katika nyumba ya Kiprotestanti, akasoma shule za misheni, kisha Uingereza, na alipofikia kusomea elimu ya mila na desturi huko Oxford imani ilikuwa imekwisha kumtoka. Shairi lake kuu lilitolewa kwa Kiingereza Nairobi mwaka 1966, na wasomaji wetu wanalo katika tafsiri ya Paul Sozigwa, Wimbo wa Lawino. Lawino, mke wa kijijini aliyeachwa na mume msomi, aeleza jinsi alivyokwenda kujifunza katekisimu. Alikuta mwalimu akipiga kelele, na wanafunzi wakimrudishia kelele zilezile kama kasuku, pasipo mtu kujua maana. Jioni ngoma ikalia nje, naye akatoka akaenda kucheza. Mwalimu naye akawafuata wasichana ngomani, maana macho yake yalikuwa makali kwa mambo hayo.

Wasomaji wengi hucheka kwa huyo mwalimu, wakadhani kwamba lawama ya Okot ni unafiki. La. Unafiki ndio lawama nyepesi kuliko zote, na Kanisa lenyewe huikubali kila siku linaposema kwamba watu wote ni wakosefu. Mnafiki huishuhudia sheria kwa kuificha kosa lake. Lawama ya Lawino iko chini zaidi. Yeye hasemi, mwakataza ngoma nanyi mwaja ngomani. Yeye auliza ngoma ina uchafu gani hata ikatazwe. Mwili uliopakwa mafuta, kifua kilicho wazi, kijana anayemchagua msichana mbele ya macho ya watu wote mwanga wa mwezi ukiwepo: haya kwake ni adabu, tena ni adabu iliyo wazi kuliko dansi ya mjini ambamo watu hukumbatiana gizani. Hajitetei mbele ya mahakama, ila auliza mahakama imetoka wapi.

Okot mwanachuoni aliuliza hivyohivyo kwa njia ya lugha. Alisimulia jinsi mapadre wa Kiitalia walivyowauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Kiacholi hakikuwa na neno la kuumba kwa maana ile. Swali likageuka kuwa, ni nani aliyewafinyanga? Wazee wakajibu kwa walivyojua, kwamba yuko Rubanga, naye huwafinyanga watu mgongo. Rubanga alikuwa pepo wa ugonjwa ule uvunjao uti wa mgongo na kumfanya mtu kibyongo. Jina hilo likachukuliwa kuwa jina la Mungu Baba, na ndiyo sababu Lawino katika shairi husema juu ya Kibyongo anapowatajia wasomaji Mungu wa Wakristo. Katika kitabu chake juu ya dini za Kiafrika na wanavyuoni wa Magharibi, Okot aliwalaumu hata wataalamu Waafrika kwa kuivika miungu ya wazee wetu mavazi ya Kiyunani ili ipate kukubalika mezani pa wageni.

Sisi watu wa Kiswahili tunaweza kujifunza hapa jambo letu wenyewe. Mmisionari alipofika pwani hakukuta lugha isiyo na neno la dhambi. Alikuta dhambi, toba, sala, shetani na malaika yote yamekwisha kuwekwa tayari na Uislamu, akayachukua kama mpangaji achukuavyo nyumba yenye vyombo. Biblia ya Union iliyotoka 1952 imejaa maneno hayo. Basi swali la Okot likiulizwa kwa Kiswahili lina uzito mwingine: kwetu mtu akitoka kanisani, neno la kumhukumu lamngoja nje vilevile, kwa kuwa lilikuwako nje kabla ya kanisa kujengwa. Hakuna mtunzi wa Kiswahili awezaye kumwandika Lawino kwa wepesi ule, kwa sababu lugha yetu haikumbuki siku ambayo haikujua dhambi.

Lakini tusimwache Okot bila kumpima naye. Lawino anayekataa mizani ya Kanisa humtazama Clementine, mke mwenza wa mjini, kwa jicho gani? Amhesabu umri, amcheka midomo iliyopakwa rangi, ayadharau maziwa yaliyonyauka, amdhania kwamba ametoa mimba na kutupa watoto. Mtu atasema huo ni wivu wa mke mwenza, na katika tenzi za kuteta ni haki yake. Nakubali. Walakini naona jambo. Kanisa liliipima heshima ya mwanamke katika mwili wake; mila iliipima mumo humo; na Okot, aliyetoka kanisani akarudi kwenye mila, hakuona haja ya kuipeleka mizani mahali pengine. Ocol, mume aliyemtupa mkewe, alaumiwa kwa sababu ya akili yake, vitabu vyake na siasa yake. Clementine alaumiwa kwa sababu ya matiti yake.

Baada ya hayo ndipo pafaapo kumwita Kezilahabi. Alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, akasoma katika seminari ya Nyegezi karibu na Mwanza, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilichapwa 1971. Jina hilo ni mojawapo ya majina anayoitwa Bikira Maria katika litania yake, na kila Mkatoliki aliyepata kuisali hulitambua mara moja. Kulitia jina la bikira wa mbinguni juu ya kisa cha binti aliyeharibikiwa kulitosha kuwakasirisha watu. Kitabu kilipigwa marufuku mashuleni, na baada ya muda kikaja kuwa kitabu cha kutahiniwa. Historia ya hukumu zetu juu ya vitabu ina vichekesho vyake.

Wahakiki wengi wamekisoma kama fundisho juu ya malezi: Zakaria, baba mlevi na mkali, amfungia binti yake mbali na wavulana, ampiga kwa ajili ya barua ya kijana aitwaye Charles, na kwa hiyo binti anapofika chuoni Morogoro pasipo mlinzi, uhuru wamlevya. Shule ya watawa aliyopitia Mwanza iliendeleza kazi ya baba yake. Usomaji huo ni sahihi, bali umeishia katikati ya kitabu. Kama maana yake ingekuwa hiyo tu, Rosa angalikufa Morogoro, kwa mimba au kwa aibu. Hakufa huko. Alirudi nyumbani, akashika kazi ya ualimu, akajitenga na maisha yale, na akampata tena Charles yuleyule wa barua, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye elimu. Akapendwa. Kwa kipimo cha Injili, msichana huyu alikuwa ametubu, na mwenye kutubu husamehewa; hilo ndilo fundisho ambalo Kanisa hujivunia kuliko yote. Charles alipojua kwamba mchumba wake si bikira alimwacha, na Rosa akajiua.

Nawaomba wasomaji wamtazame Charles vizuri, maana wahakiki humpita kama mtu mdogo. Charles si padre wala si mtawa, na Zakaria hayumo ndani yake. Hakuna mahali ambapo hukumu yake yatokana na hofu ya Mungu. Ni kijana wa Tanzania mpya, wa miaka ile ya mwanzo ya Azimio, mwenye kazi na maendeleo. Imani imempungua au imemtoka. Hatuna haja ya kujua. Kilichobaki ndani yake ni nusu moja tu ya fundisho, ile idaiyo usafi. Nusu ya pili, isameheyo, imepotea njiani. Na nusu iliyobaki haimwelekei yeye mwenyewe. Hakuna mtu katika kitabu anayemwuliza Charles kuhusu ubikira wake, wala mwenyewe hajiulizi.

Hilo ndilo nililotangulia kusema kwamba litaonekana mahali pake. Tulidhani kwamba mtu akitoka kanisani atayaacha mafundisho yake yote pamoja, au atayachukua yote pamoja. Rosa Mistika yatuonyesha mtu aliyechagua bila kujua kwamba anachagua. Yale yaliyokuwa mazito kwake, kama toba, huruma na kujishitaki kwanza kabla ya kumshitaki mwingine, ameyaacha sakafuni. Lililokuwa jepesi kwake amelichukua, kwa kuwa uzito wake humwangukia mwanamke. Ngũgĩ alichukua ghadhabu ya manabii, na hiyo ina gharama kwake yeye mwenyewe, kwani ilimfikisha gerezani na ugenini. Charles hakulipa senti.

Najua nitaulizwa: je, hii si hoja ya kulitetea Kanisa, kwamba lau Charles angalikuwa Mkristo wa kweli angalimsamehe? Sivyo. Nani aliyemfundisha Rosa mwenyewe kwamba maisha yake yamekwisha siku ile? Watawa walimfundisha usafi miaka mingi. Kama walimfundisha na rehema pia, kitabu hakikuona alama yake, kwani katika saa ya dhiki haikumjia hata kidogo. Mwalimu anayegawa somo katika sehemu mbili, akaikariri moja kila siku na kuitaja nyingine siku ya sikukuu, hawezi kushangaa mwanafunzi akitoka na ile aliyoikariri. Kanisa na Charles ni washitakiwa katika kesi moja, na kuwepo kwa mmoja kizimbani hakumwachilii mwenzake.

Kezilahabi alilijua jambo hili, kwa sababu kitabu hakikomi kwenye maziko. Kurasa za mwisho huihamisha kesi hata mbele ya Mungu, na huko lawama hupimwa kati ya binti na baba yake. Wako waliosema kwamba sura hiyo ni kasoro, kwamba mtungaji kijana alishindwa kukimaliza kisa duniani akakimbilia mbinguni. Nami nilikuwa tayari kukubali, kama si kukumbuka mwisho wa The River Between. Huko Waiyaki na Nyambura, dada yake Muthoni, watiwa mikononi mwa baraza la wazee ili wahukumiwe, na umati warudi nyumbani gizani, watu wasitazamane. Hukumu hatuisikii. Ngũgĩ, ambaye baadaye alikuja kuwa na hukumu kwa kila tajiri, hapo aliikataa kuiandika.

Riwaya mbili, za vijana wawili waliolelewa na misheni, zimeishia barazani. Katika moja waamuzi ni wazee, katika nyingine ni Mungu. Katika zote mbili wako mahali fulani watu ambao hawakuitwa kutoa ushahidi: umati ule uliokwenda kulala, na Charles, ambaye kitabu kinapofungwa yu hai Ukerewe, mtu mwenye heshima zake, na pengine Jumapili inayofuata ataonekana kanisani, au hataonekana.